Wa Tisini na Tano

Ofisini kwetu Milimani, ukurasa hufunguka
kabla kidole hakijainuka.
Waya wa intaneti umefika hadi mezani, feni inazunguka,
na ubao wa majaribio ni kijani kitupu, kama mpunga wa miezi miwili.
Roboti yetu hubisha hodi kila dakika tano,
hufunguliwa, hurudi, huandika: salama.
Miezi saba tumelisoma neno hilo
tukinywa chai.

Ahero, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu,
wakulima huomba zamu ya maji kwenye ukurasa huo huo.
Hakuna aliyelalamika.

Kitanda usichokilalia...
Wesonga huwa hamalizi methali.
Huiachia hapo ikuwashe yenyewe.

Basi tukapanda mbegu: mistari arobaini ya msimbo
chini kabisa ya ukurasa, isiyoonekana,
kazi yake kuhesabu tu.
Mtu alibonyeza lini, neno la kwanza lilijitokeza lini,
picha ilituama lini ikaacha kuyasukuma maandishi,
na kitufe, kilipoitwa, kiliitika lini.

Jioni nzima tulibishana juu ya yasiyotuhusu.
Nereah alisimama ubaoni na kalamu.
Jina, toa. Namba ya simu, toa.
Shamba lake, toa.
"Tunapima subira," akasema,
"hatumpimi mwenye subira."
Tukaomba idhini kwa Kiswahili na kwa Kijaluo,
tukaapa: kwa atakayekataa, mbegu isiote.

Siku ya kwanza takwimu zilidondoka moja moja
kama mvua inayosita juu ya mabati.
Wastani, sekunde nne. Meneja akafurahi.
Lakini wastani ni mtu ambaye hajazaliwa.
Hana simu, hana jaruba la mpunga,
hajawahi kungoja chochote.
Wapange watu mia, aliyehudumiwa upesi mbele,
kisha ifuate foleni bila kusimama
hadi kwa wa tisini na tano.
Muulize yeye.

Sekunde ishirini na sita.

Hivyo ndivyo nilivyokutana naye, nisiyemjua:
saa kumi na dakika kumi alfajiri, simu ya kioo kidogo,
mtandao unaokuja na kuondoka.
Alibonyeza Omba Maji mara tano
huku ukurasa ukishusha picha ya mkulima anayetabasamu,
picha niliyoichagua mimi, kubwa, meno yote nje.
Mara ya sita picha ikatua,
kitufe kikateleza, kidole chake kikaangukia Ghairi.
Akaanza upya.
Kisha mstari wa mwisho: ameondoka.

Nikazihesabu sekunde zake kwa sauti, pale ofisini.
Nilipofika kumi na moja, Wesonga aliutazama mlango.
Nilipofika ishirini niliona haya kuendelea,
nikaendelea.

Jumamosi nikaenda Ahero, nikauliza kwenye ghala:
mbona hamkutuambia?
Mama mmoja, matope hadi magotini, akaitoa simu kwenye leso,
akaifuta kioo kama anayemwombea mtoto msamaha.
"Ni hii yangu," akasema. "Imezeeka."
Wa pili akasema hivyo hivyo. Na wa tatu.
Miezi saba walikuwa wameitunza aibu yetu
wakidhani ni yao.

Tuliitoa picha. Kitufe tukakitengea nafasi yake
kabla kitu kingine chochote hakijafika.
Ishirini na sita zikawa tisa.
Tisa bado ni nyingi. Jaribu kuzihesabu.

Siku hizi, nikifika, jambo la kwanza
ni kutazama saa kumi na dakika kumi alfajiri.
Leo kuna mtu: sekunde saba, kubonyeza mara moja,
zamu imepatikana.
Huenda ni yeye.
Tuliapa nisijue.