Nzala

Mwalimu Ndahani alishika kalamu ya bluu,
akauliza jina kama mtu ahesabuye magunia.
Bibi akasema: Nzala.
"Njaa si jina la kubatizia," akajibu,
"tafuta la kwenye Biblia."

Nilikuwa na miaka tisa. Pale Mvumi,
vumbi jekundu limenipanda hadi magotini,
nikijua kwamba mimi ndiye mwaka ule
uwele uliponyaukia shingoni
na mama akachemsha mlenda mkavu
mara ya tatu, kwa maji yale yale.

Bibi hakubishana. Alikaa kwenye benchi,
akafungua pindo la kanga, akatazama ugoro wake,
akaufunga tena.
"Juzi ulitusomea habari za Hajiri,
yule kijakazi aliyekimbilia jangwani na mimba.
Nani alimpa Mungu jina siku ile?
Ni Abramu?"
Mwalimu akafunua kurasa, kidole kikitambaa
kama cha mtu atafutaye sindano mchangani.
"Hajiri mwenyewe," akasema. "Alimwita Mungu aonaye."
"Kijakazi."
"Kijakazi, ndiyo."
"Na penye kiu."

Nje, punda wa Mzee Chiloleti alilia,
ndoo mbili ubavuni, maji ya kufukua
kwenye mto uliolala chini ya mchanga.

"Na Yesu, maana yake nini?"
"Bwana huokoa."
"Huokoa," bibi akarudia, akilitafuna neno
kama mbegu ya ubuyu, hata utamu ukaisha
ikabaki kokwa.
"Mtu haokolewi penye shibe, mwalimu.
Hilo nalo lina shimo ndani yake,
na aliyeliitikia alishuka humo.
Wewe unataka mtoto aje kwake
akiwa amelificha la kwake?"

Mwalimu alifuta miwani kwa shati.
Alikuwa mtu mzuri; alizikwa masika yaliyofuata,
kadi zake zote zimepangwa kwa herufi.
Sikuona alichoandika.
Kadi yangu ililiwa na mchwa upande mmoja,
upande wa jina.

Jumapili kasisi aliinamisha kichwa changu.
Aliniita, lakini sikio lilikuwa limejaa maji;
nilisikia Baba, nikasikia Mwana,
kisha kishindo kama mvua ya mbali Chamwino.
Maji yalikuwa ya Mzee Chiloleti, yana mchanga.
Yalipopita pua yakafika midomoni.

Niliyameza.