Mche Usiopendeza

Mbegu yake ni nyeusi, kama kipande cha chungwa kilichosahauliwa juani,
na ganda lake ni gumu; maji hayaingii kwa kubembeleza.
Chukua tupa ya kucha, ikwaruze mgongoni,
usiguse kovu, hapo ndipo lilipo jicho,
kisha iloweke usiku kucha katika kikombe cha chai.
Iliyovimba, ipande.
Iliyoelea, iache ielee.
Hivyo ndivyo alivyonifundisha dada yangu Kinue
kwenye roshani ya ghorofa ya pili, Kumamoto,
mwaka ule mvua za Juni zilipotufungia ndani siku kumi na tisa.

Usiwe na pupa. Ngoja mpaka usiku uache kung'ata vidole.
Mpe ufito, ataukwea mwenyewe
akizunguka kinyume cha mshale wa saa. Daima kinyume.
Nilimgeuza kwa mkono mara moja, kwa ubishi tu;
kesho yake nikamkuta amejirudi.

Ana damu moja na kiazi kitamu:
ukiliona ua la matembele umemwona binamu yake wa shamba.
Ila huyu wa mjini huamka saa kumi alfajiri,
mwavuli uliosokotwa ukajisokotoa,
buluu ya wino mbichi.
Saa nne jua likimshika anageuka zambarau.
Adhuhuri ni karatasi iliyolowa.
Sisi humwita uso wa asubuhi.
Uso wake wa jioni hakuna aliyeuomba.

Kinue alipenda wale wa ajabu,
wenye petali zilizochanika zikawa nyuzi,
wenye majani membamba kama sindano za msonobari.
Watu walipanga foleni kwenye maonyesho kuvitazama vyungu vyake,
mimi nikibeba ndoo.
Lakini hao hawazai.
Chavua yao imegeuka petali, kizazi kimegeuka pambo.
Ukimtaka tena mwakani, watunze ndugu zake,
wale wa kawaida, wa tumbo moja naye,
wenye ua la duara ambalo hakuna anayelipiga picha.
Katika watatu, wawili wameficha ile sura
na mmoja hana kitu.
Kwa macho hutawajua.
Wavune wote, kila mmoja na bahasha yake,
mwakani udongo utasema.

Baba alikuwa akitutambulisha kwa wageni:
"Huyu ndiye Kinue. Na huyu, mdogo wake."

Kinue alikufa Machi, hakuacha mtoto.
Mimi nina watatu, wenye makelele na meno makubwa.
Nilipanda kwa sababu bahasha zilikuwepo.
Agosti ikaja: majani, majani, majani tu,
wala kitumba kimoja.
Nilimlaumu mbolea, nikamlaumu marehemu.
Kumbe ni taa.
Manispaa ilikuwa imesimamisha taa mpya ng'ambo ya barabara
na Bwana Tokizane wa ofisi ya mtaa aliniambia, kwa heshima zote,
kwamba taa ni usalama.
Ni kweli. Lakini mmea huu huhesabu giza.
Usipompa usiku mrefu hajui kwamba wakati umefika,
atakua tu, atakua, kama mtu asiyeambiwa habari.

Basi kila siku saa kumi na mbili jioni nikamfunika
kwa boksi la mashine ya kufulia.
Majirani walicheka. Mwanangu wa pili alicheka zaidi.
Wiki ya tatu, kitumba.
Kilipofunguka kilikuwa duara, buluu, cha kawaida kabisa.

Nikaitafuta bahasha yake nijue ametoka wapi.
Namba saba. Mwandiko wa Kinue, wino umefifia:
"Hapendezi. Usimtupe."

Nilikaa na ile bahasha mpaka ua likafumba.
Mbegu zimekauka sasa, nimezihesabu, ziko thelathini na moja.
Tupa ya kucha sijui nimeiweka wapi.