Mita Mia Sita na Hamsini

Sifuri hadi kumi, Mzee Alojz, nimekuuliza.
Umesema: tatu.
Jana tatu. Juzi, uliporudi kupigwa picha ya nyonga, tatu.
Binti yako Hildegarda alipoleta supu
ukamwambia tatu kabla hajauliza.

Nami nimesimama na kalamu, wodi ya nne, Zabrze,
theluji imegeuka tope dirishani,
nautazama mkono ulioshika chuma cha kitanda
hadi vifundo vikawa vyeupe,
mkono ambao makaa ya mawe yameuchanja chale za buluu
zisizotoka kwa sabuni wala kwa kustaafu.
Tatu haitoki jasho juu ya mdomo.
Tatu hugeuka ubavu kufuata gazeti.
Tatu humaliza supu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Kweli. Lakini mimi ndiye ninayekitandika:
naliona shuka lilivyosokotwa,
nauona mto uliotafunwa pembe.

Nimekukunjulia maneno kama muuza vitambaa.
Yanachoma? Yanakata? Yanapwita?
Yanafukuta chini kwa chini
kama kile kilima cha mabaki ya mgodi nyuma ya kanisa,
kinachotoa moshi tangu sijazaliwa?
Huja yakaenda zake, au yamehamia na masanduku yao?
Umetikisa kichwa. "Dada, mgodini
aliyelia alipandishwa juu,
na wa juu halipwi."

Basi saa nane ya usiku
nikaitia mfukoni rula yangu ya nyuso,
ule unaocheka na ule unaolia,
nikakuuliza: Kizimba kimekushusha kina gani?

Kimya. Mashine ya jirani ikahesabu matone.
Kisha, bila kunitazama:
"Mia sita na hamsini."
Kuna nini huko?
"Joto. Paa linasema. Mbao hulia kabla hazijavunjika."
Na chini ya hapo?
"Mia nane na arobaini. Huko tulimwacha Rufin Pyka.
Huko sitaki."

Nimeandika. Kwenye kisanduku cha tarakimu moja
nimebana tarakimu tatu na herufi ya mita.
Daktari Sikora wa zamu, nywele zimelalia upande mmoja,
akauliza kama nimeandika uzito wa farasi.
Nikamsomea: mapigo mia moja na kumi na mawili, taya limekaza,
hajageuka tangu saa mbili, asema paa linasema.
Daktari, parasetamoli si nguzo ya kuzuia paa hilo.
Akapiga miayo. Akatia sahihi.

Morfini, miligramu tano, chini ya ngozi.
Na dawa ya kulainisha choo, maana
morfini hukopesha leo, ikadai riba keshokutwa.

Wengine huishia hapo: sindano, sahihi, mlango.
Lakini kuuliza mara moja ni salamu;
kuuliza tena ndiyo kazi.
Nusu saa. Nimerudi kwa soksi, viatu mkononi,
nimehesabu pumzi zako, kumi na nne,
nikanong'ona: Sasa?
"Mia nne na ishirini." Mkono umekiachia chuma.
"Kinapanda polepole. Usimwambie Hilda."

Sikuahidi.

Asubuhi Kornelia wa zamu ya mchana akasoma chati,
akacheka, akaacha kucheka,
akachora mstari kwenye karatasi, juu sifuri,
chini kabisa jina la Rufin,
akaibandika kwa plasta kichwani pa kitanda.

Nikatoka kwenda kituo cha tramu. Kiuno changu,
miaka kumi na tisa ya kuwainua wanaume
waliokuja wazito wakaondoka wepesi,
kilikereza kama msumeno butu kwenye ubao mbichi.
Mwanamke wa kibanda cha maua akaniona nimejishikilia.
"Mgongo huo, dada, leo unaendeleaje?"

Nikaipapasa rula mfukoni.
"Tatu," nikamwambia.