Spana za Pauni Tisa

Nilizinunua Jumamosi, Rotherham, mvua ya rasharasha,
kwenye duka la bei chee lililo nyuma ya kituo cha basi.
Kati ya chakula cha paka na taa za Krismasi
lilikaa sanduku jekundu la plastiki, vipande arobaini,
pauni tisa na peni tisini na tisa.

Gereji walitaka mia mbili na ishirini
kubadilisha pedi za breki za mbele.
Hizo ni zamu tatu za usiku,
kugeuza wazee wa watu ubavu hadi ubavu.
Nikalibeba sanduku kwa mikono miwili, kama keki.

Methali niliijua. Nani asiyeijua?
Rahisi huvunja upishi.
Ila aliyeitunga hakusema
mpishi asiye na cha ghali apikie nini.

Bwana Hobday wa namba kumi na nne
akatoka na sapatu zake za kitambaa.
Miaka thelathini na moja alikula tanuri la chuma.
Akachukua spana moja, akaigonga kwenye ukuta wa matofali,
akatega sikio.
Haikulia. Ilisema *ko*, kama mwiko.
"Hiki si chuma," akasema. "Ni uvumi wa chuma."

Bolti ya kwanza ilikubali. Nikamtazama kwa jicho la pembeni.
Ya pili ilikuwa na chumvi ya barabara ya majira matano ya baridi,
kutu imeota juu ya kutu.
Nikavuta. Soketi ya kumi na tatu ikapasuka mbavuni,
kimya kimya, kama anayetoka msibani mapema,
na ngumi yangu ikaenda kusalimiana na bawa la gari.
Damu, grisi, na neno moja la Kidigo
ambalo mama hakunifundisha yeye.

Hobday hakucheka. Aliingia ndani, akarudi
na spana iliyoviringishwa kitambaa chenye mafuta,
herufi za baba yake zimechongwa kwenye mpini.
Ilipoigusa ile nati, nati ilijua.

Alidhani nitalitupa sanduku.

Sikulitupa. Huu ni mwaka wa tatu.
Soketi sita zimekufa, nimezihesabu.
Bisibisi kubwa imelika ncha, sasa inafungua makopo ya rangi.
Kisahani cha sumaku kinashika kila kitu, hata pini za nywele zangu.
Kilichovunjika nilikinunua upya, kizuri, kimoja kimoja,
mshahara hata mshahara;
kisichovunjika sina ugomvi nacho.
Na jeki? Ile ya pauni kumi na nane
niliirudisha siku ileile, risiti ikiwa na joto la mashine.
Kitakachoinua gari juu ya kifua changu
sikipigii bei.

Siku hizi mikono ya Hobday inatetemeka.
Spana za baba yake zimelala kwenye droo, zimepakwa mafuta,
safi kama maiti.
Mwezi wa nne alinigongea dirisha:
gurudumu la kigari chake cha kutembelea limelegea,
anakwenda upande kama kaa.
Nikainama. Nati namba kumi.
Nikafungua sanduku jekundu: kumi haimo.
Haikuvunjika, ilipotea, sijui lini.
Akaniambia nitazame kwenye droo.
Tisa ipo. Kumi na moja ipo. Katikati yake,
kitambaa chenye umbo la kitu kisichokuwepo.
"Ilipotea mwaka themanini na nne," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja marehemu.

Basi nikachukua plaizi, ya pauni moja,
meno yake yanacheza.
Hobday akashika kigari, mimi nikashika nati.
Ikang'ata. Ikateleza. Ikang'ata.
"Taratibu," akasema, "taratibu hivyo hivyo."