Springi Chini ya Ua

Logose alikuja nalo ndani ya soksi ya mtoto,
akalimwaga mezani kwangu kama karanga.
"Ng'oa mawe haya," akasema, "uyapime moja moja.
Kuna mtu Kampala ananunua."

Chema chajiuza, husema wenye maduka.
Hiki kilikuwa kimetembezwa Jinja nzima tangu asubuhi.

Umeme, unaozaliwa hapo bwawani, ulikuwa umekatika.
Nikasogeza meza mlangoni, nikabana lenzi jichoni:
bizimu la Kifaransa, ua la petali tano,
almasi arobaini na moja, na hakuna mbili zilizo pacha.
Zilikatwa enzi za mkono na jicho,
almasi ikisagwa kwa vumbi la almasi nyingine;
nene tumboni, zenye mwanga wa taa ya mafuta,
si huu wa siku hizi unaopiga kelele.

Nikaligeuza.
Mgongoni ndiko fundi husema kweli.
Kichwa cha tai, kidogo kama punje ya ulezi,
na kishada chenye herufi mbili, E na V,
katikati yake kitu nisichokitambua, labda nyuki.
Kila tundu nyuma ya jiwe limesuguliwa kwa uzi
mpaka likang'aa, huko ambako
mvaaji hatatazama, wala mume wa mvaaji.
Isipokuwa mahali pamoja: mkwaruzo wa tupa,
mfupi, wa mshazari.
Mkono wake uliteleza.
E.V., nani alikuita wakati ule?
Mwenye nyumba? Njaa? Mtoto mwenye kikohozi?
Nami ninayo mikwaruzo yangu. Naijua kwa tarehe.

"Bibi yangu alilea watoto wa Mfaransa wa pamba,
kule Namasagali," Logose akasema.
"Walipoondoka walimpa hili.
Mshahara wa miezi tisa.
Hakulivaa. Alisema limekufa."

Halikufa. Chini ya ua palikuwa na springi
nyembamba kama unywele, imekatika.
E.V. alitaka ua litetemeke
kila mwanamke atakapovuta pumzi.

"Nipe saa moja," nikasema,
nikafungua saa ya mkononi ya marehemu Mukembo
ambayo hakuna aliyerudi kuichukua,
nikaikata springi yake, nikaizungusha mara nne kwenye sindano,
nikaharibu, nikaanza tena.
Logose alikuwa anapiga miayo.

Kisha lori la miwa la Kakira likapita,
meza ikatikisika, na ua
likaanza.
Arobaini na moja, kila moja kwa mwendo wake.
Logose akaweka kiganja kifuani
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Hakusema kama atauza. Sikuuliza.
Alilipa elfu tano, akalirudisha ua kwenye soksi,
akavuka barabara akilibeba kwa mikono miwili.

Mgongoni, kando ya mkwaruzo wa E.V.,
niliacha wangu.
Sikuteleza.