Mstari Mmoja Uliofifia

Mimi Chinatsu, mhasibu wa kiwanda cha kukausha sehewa,
Makurazaki, kusini kabisa ya Kagoshima.
Hesabu isiyofunga huninyima usingizi.

Basi daktari Iwakiri aliponiambia
kipimo cha kwanza kimesema ndiyo
na cha pili kimesema sijui,
nilitaka kuuliza: nani kaandika daftari hili?

Alinionyesha picha ya utepe.
Palipostahili mistari minne palikuwa na mmoja,
umefifia kama penseli
iliyofutwa na mtoto asiyejua kufuta.
Kirusi kikiwapo, alisema, mistari huja kiukoo.
Huu umekuja peke yake, mgeni asiye na barua.
Hautoshi kuhukumu.
Hautoshi kuachilia.

Wiki ya ishirini na sita,
nawe ulikuwa unapiga teke upande wa kulia
bila kujali takwimu.

Si UKIMWI, aliongeza upesi,
kama afungaye mlango moshi usiingie.
Ni jamaa yake wa mbali, mkimya,
hukaa damuni miaka sitini, mara nyingi asifanye lolote.
Mara nyingi. Nililiandika neno hilo nyuma ya risiti.
Na njia anayoipenda ni maziwa.

Mama alikuwa anamenya figili.
Kisu kikasimama.
"Nilikunyonyesha miaka miwili," akasema,
"tena nikajisifu kwa majirani."
Ndipo akanitajia, kwa mara ya kwanza,
shangazi yake wa kisiwani,
ambaye miguu ilimgomea hajafika arubaini,
akaburuta kandambili sakafuni, shra, shra,
watu wakamwita mvivu.

Chupa nyingine ya damu ikaenda mjini,
wanakotafuta kirusi chenyewe, si nyayo zake:
maandishi yake
yaliyojipenyeza ndani ya maandishi yangu.
Siku kumi na nne.
Nilikosea mishahara ya watu wawili.

Siku ya majibu Sakurajima ulikuwa unakohoa.
Kagoshima yote, miavuli imefunguliwa
na hakuna mvua,
majivu tu, yakitua kwenye mabega ya watoto wa shule.

"Hakikuonekana," alisema daktari.
Hakipo?
"Hakikuonekana. Kama kipo, ni chini ya uwezo wa mashine."
Nikacheka, akashtuka.
Lakini safu hiyo naijua, iko mwisho wa kila ukurasa wangu:
senti zisizofaa kukimbizwa,
tunazifungia hesabu, tunalala.
Na maziwa?
"Uamuzi ni wako. Mimi sioni la kukuzuia."

Nilitoka nikimtafuta mama kwenye viti vya kungojea.
Hakuwapo.
Alikuwa dirishani kwa muuguzi,
miaka sitini na minane, mkono wa blauzi keshaukunja.
Mama, mjamzito ni mimi.
"Najua," akasema, bila kugeuka.
"Nataka kujua nilikupa nini."

Nikamshikia mwavuli,
majivu yakidondoka sakafuni.