Vumbi la Mfenesi

Punguza mwendo, Shaame. Kerezo si pikipiki.
Patasi imemaliza maneno yake, sasa zamu ya msasa,
na msasa hausemezani na bakuli linalokimbia:
litapata moto, lipasuke ufa mwembamba kama unywele,
ufa utakaouona siku ya kulipaka mafuta,
mwenye kuliagiza keshasimama mlangoni.

Shika karatasi kwa ncha za vidole, usiizungushe kidoleni.
Hiki changu kilivutwa mkesha wa Idi,
hadi leo hakifungi kifungo cha kanzu.
Gusa upande wa chini, pale bakuli linapokukimbia,
si pale linapokujia.
Tembeza mkono. Ukitua, unachimba.

Anza na themanini, usiuonee haya ukali wake.
Kisha mia na ishirini, mia na themanini, mia mbili na arobaini.
Usiruke hata moja. Kila namba
huja kufuta makosa ya iliyotangulia,
na mkwaruzo uliouacha nyuma ni deni la dukani:
gizani halionekani,
mwanga ukija ubavuni linakuita kwa jina la baba yako.
Chukua tochi, ilaze. Umeona? Pale.
Rudi themanini.

Bibi yangu wa Mchangamdogo hakujua namba.
Alichuma majani ya mti wa msasa,
makavu, yanakwaruza kama ulimi wa paka,
akausugua mwiko wake kizingitini, upepo ukachukua unga.
Mti ukaacha jina, karatasi ikaja ikalirithi.
Lakini vumbi lake lilikuwa la kiganja kimoja.
Letu, kwa mota ya nguvu za farasi mmoja, lajaza kibanda.

Na vumbi la mfenesi ni njano, njano ya bizari,
laingia kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye redio.
Miaka kumi na tisa nililivuta bila kitambaa,
nikijiambia: mti wenye tunda la kuliwa
utakuwaje na madhara?

Msimu ule mkubwa, Bi Time Kombo
alianika karafuu zake majamvi manne, hapa hapa Limbani,
kutoka kizingiti changu hadi mferejini.
Alasiri akaja na konzi moja. Hakupiga kelele.
Akaimimina juu ya kerezo.
"Mnunuzi kaniuliza hizi ni karafuu au bizari.
Hebu zinuse wewe."
Nikainama, nikavuta pumzi.
Sikunusa kitu.
Nikavuta tena. Wete nzima inanukia,
wageni washuka bandarini wakitaja harufu kabla ya salamu,
nami pua yangu mlango uliopigwa misumari.
Nikamwambia, "Zingali karafuu, Bi Time."
Sijui kama nilisema kweli.

Usiku ule nikaifungua feni ya mezani iliyovunjika shingo,
nikaigeuza, ivute badala ya kupuliza,
nikaiunganisha na bomba la inchi nne,
na mwisho wa bomba chandarua cha harusi yetu,
kimekunjwa mara tatu, kimeshonwa mfuko.
Mke wangu aliuliza neno moja tu: "Na mbu?"
Ndicho hicho unachokiona kinavimba pale
kama shavu la mpiga zumari.

Basi usogeze mdomo wa bomba karibu na kiganja. Karibu zaidi.
Vaa barakoa, hata kama jasho linakuchuruzika.
Na hizo ndevu zipunguze, haishiki.
Karatasi ya mwisho ichovye mafuta ya nazi,
vumbi ligeuke uji, lisipate mbawa,
lizibe vinyweleo vya mti, lirudi kwao.
Mfuko ukijaa, umwage migombani kwa Bi Time.
Yeye mwenyewe huudai siku hizi.

Haya, lifute. Pitisha mkono ndani, fumba macho.
Jicho hubembelezwa, kiganja hakibembelezwi.
Halafu toka nje kidogo, majamvi yameshatandikwa.
Simama upande wa upepo,
kisha rudi unambie, polepole, usirukeruke,
leo zanukia vipi.